Taili kubwa za mawe zinasumbua? Kagua kwanza sakafu iliyo chini yake

Malalamiko ya taili za mawe asilia, iwe marumaru, itale, sleti au jiwe la chokaa, ni yale yale yanazunguka: kona inakwaza vidole, ukigonga inalia debe, ufa umetembea taili nne mfululizo, marumaru nyeupe imeota kingo nyeusi. Mwenye nyumba analaumu jiwe, fundi analaumu gundi, muuza gundi analaumu maji, na kwa ninavyoona mimi kesi nyingi zinaishia kwenye kitu ambacho hakionekani tena, yaani jinsi sakafu ya chini ilivyoandaliwa. Taili ndogo ya kauri inasamehe, inafuata bonde na mlima bila mtu kugundua. Jiwe la sm 60 kwa 60 halipindi hata kidogo, halafu ni zito: marumaru au itale ya unene wa sm 2 inakaribia kilo 54 kwa mita moja ya mraba, kwahiyo kipande kimoja tu ni kama kilo 19 na hapo hujapaka gundi.

Nimefuata dalili. Chini ya kila dalili sababu ya kwanza ndo inayotokea sana, ya mwisho ni ya nadra. Kama hujalaza hata taili moja soma zote, vipimo ni vile vile na wewe una nafasi ambayo mwenzako aliyekwisha kulaza hana tena.

KONA ZINAPISHANA, UKIPITA PEKU UNAJIKWAA

Sababu kubwa ni sakafu kutokuwa tambarare. Sijasema kutokuwa levo, yaani kulala usawa bila mteremko, hivyo ni vitu viwili na watu wanavichanganya kila siku. Sakafu ya bafuni ina mteremko wa makusudi na bado inaweza kuwa tambarare safi kabisa, na sebule inaweza kuonekana iko levo kwa pimamaji la sm 60 kumbe imejaa mabonde. Pimamaji fupi linadanganya sana kwenye kazi hii.

Tafuta ubao mnyoofu wa mita 3, wa aluminiamu ni bora kuliko wa mbao maana mbao nayo inapinda. Kipimo kinachotumika kwa taili yenye upande wa sm 38 na kuendelea: pengo chini ya ubao lisizidi mm 3 kwenye mita 3, na ukiangalia kipande kifupi cha sm 60 lisizidi mm 1.5. Hicho cha pili ndo watu wanakisahau, na ndicho kinacholeta jino kati ya taili na taili.

Namna ya kupima: laza ubao, lala chini kabisa shavu likaribie sakafu, mwambie mtu amulike tochi upande wa pili. Mahali mwanga unapopita pana bonde. Ubao ukiyumba kama bembea una mlima katikati. Zungusha ubao kama mshale wa saa, hamia mita moja pembeni, rudia, huku unachora chaki, duara kwenye bonde, msalaba kwenye mlima, na kina chake ukiandike hapo hapo. Ukimaliza chumba kinakuwa kama ramani na ndipo unaamua, sio kabla.

Anza na milima. Nimeona watu wanajaza chumba kizima magunia ya saruji ya kujitandaza, ile inayomwagwa nyepesi ikajisawazisha yenyewe, ili kufikia urefu wa kilima kimoja cha ukubwa wa sinia, ambacho grenda yenye diski ya almasi ingekimaliza kwa nusu saa. Ila vumbi la zege lina silika na linaharibu mapafu taratibu bila wewe kujua, kwahiyo grenda iwe na kifyonza vumbi, na uvae barakoa ya vumbi laini, kitambaa cha kujifunga usoni hakisaidii chochote. Bonde moja moja unajaza kwa mchanganyiko wa kuzibia, mabonde yakiwa mengi ndo unamwaga saruji ya kujitandaza.

Sababu ya pili ni kutumia gundi kusawazisha. Fundi anaona bonde, anasema "hapa nitanenepesha gundi". Gundi nene inasinyaa ikikauka, inavuta taili chini, na kwa vile unene haulingani kila taili inashuka kwa kiasi chake. Jioni unaiacha iko sawa, asubuhi una ngazi. Zipo gundi za taili nzito zinazoruhusu unene mkubwa zaidi, soma gunia, ila hata hizo kazi yake ni kushika. Na zile klipu za plastiki zenye kabari zinasaidia mguso wa mwisho tu, haziwezi kunyoosha sakafu mbovu.

Sababu ya tatu ni jiwe lenyewe. Sleti na mawe ya kupasua kwa mkono yanakuja na unene tofauti hata ndani ya boksi moja. Pima kumi kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene, kabla ya kulaumu mtu, zikitofautiana panga nene pamoja na nyembamba pamoja.

Wakati wa kusimama: sakafu imeshuka upande mmoja na una uhakika zamani haikuwa hivyo. Hiyo inazama, usiifunike, ita injinia wa majengo aangalie msingi.

UKIGONGA INALIA DEBE, AU TAILI IMEACHIA KABISA

Gonga kwa kifundo cha kidole au mpini wa mwiko, sikiliza. Mlio mzito umekamatika, mlio wa debe pana hewa. Taili moja ikilia kwenye kona tu usipaniki, zikilia nyingi mfululizo ng'oa moja uangalie mgongo wake, maana jibu limeandikwa pale.

Gundi imebaki yote mgongoni mwa taili na sakafu iko safi kama imepanguswa? Tatizo ni uso wa sakafu. Hii ndo inaongoza. Vumbi, niru laini iliyopigwa mpaka inang'aa, rangi, mafuta, au ile dawa inayopulizwa juu ya zege likiwa bichi ili lisikauke haraka. Kipimo chake hata mtoto anaweza: dondoshea matone ya maji sehemu tano sita za chumba. Yakinywewa ndani ya dakika chache sawa, yakikaa juu yamejikusanya kama kwenye jani la mgomba basi na gundi yako itakaa hivyo hivyo. Pitisha na kiganja, kikitoka cheupe ufagio haujatosha, unahitaji kifyonza na kitambaa chenye unyevu. Halafu kwaruza kwa msumari: skridi, yaani tabaka la kusawazisha lililo juu ya zege, ikichimbika na kutoka unga ni dhaifu, hata praima, ile dawa ya kupaka kwanza ili gundi ishike, haitaiokoa, itolewe mpaka ufike pagumu. Uso ulioziba dawa yake ni kusaga, usitegemee asidi, asidi haiondoi rangi wala mafuta na mabaki yake yasiposuuzwa vizuri yanakuja kula marumaru.

Gundi imebaki sakafuni, mistari ya meno ya mwiko imesimama vile vile haijabonyea? Gundi ilishaota ngozi juu kabla taili haijawekwa, au taili iliwekwa tu bila kusukumwa. Usitandaze eneo kubwa kuliko utakalofunika kwa dakika kumi hivi, jua na upepo vikiwepo punguza tena, na gusa gundi kwa kidole, isipokushika imekwisha hiyo, ikwangue.

Umekuta mabonge matano, manne kwenye kona na moja katikati? Bora ulivyong'oa. Taili ya jiwe sakafuni inatakiwa ishikwe kwa asilimia 95, na kona zote nne ziwe zimejaa. Mabonge yanaacha mapango, kisigino cha kiatu au mguu wa kabati ukitua juu ya pango jiwe linavunjika, na maji yakiingia yanakaa humo. Mwiko wa meno ya mm 12 au zaidi, mistari yote upande mmoja, sio kuzungusha kama unapaka siagi, paka na mgongo wa taili, kisha isukume kwa kukata mistari kwenda na kurudi ili hewa itoke. Kila taili chache nyanyua moja uangalie. Inauma kuinyanyua taili iliyokaa vizuri, najua.

Ya nadra kidogo: skridi ya jasi. Ina rangi nyeupe nyeupe au ya krimu na ni laini kuliko ya saruji. Gundi ya saruji ikigusana nayo moja kwa moja kukiwa na unyevu kunatokea mmenyuko unaoota fuwele katikati, taili zinaachia kama zimesukumwa kutoka chini. Inataka kusagwa juu, kukauka sawasawa, na praima maalumu inayotenganisha hivyo viwili.

Onyo moja zito. Ukiwa unabandua sakafu ya zamani na ukakuta vigae vya plastiki vigumu vya kizamani, hasa vya sm 23 kwa 23 hivi, au gundi nyeusi kama lami chini yake, SIMAMA. Usikwangue, usisage, usifagie. Vingi vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto. Mtaalamu achukue sampuli, ipimwe maabara, ndipo kazi iendelee.

UFA MMOJA UMEKATIZA TAILI KADHAA

Ufa unaokwenda mstari, unavuka taili moja unaingia nyingine, hautoki kwenye jiwe. Zege la chini lina ufa na limeuchapisha juu.

Kwa kawaida ni ufa wa kusinyaa, mwembamba, pande zote mbili ziko usawa mmoja. Upitishie kucha. Kucha ikipita bila kukwama na ufa hauzidi mm 3, unaufungua kidogo, unausafisha, unaujaza, kisha unalaza utando wa kutenganisha, ile shiti inayoiacha zege isogee kidogo bila kuburuta jiwe. Utando ufunike upana wa kutosha ili taili nzima zinazogusa ufa zikae juu yake, sio utepe mwembamba kufuata ufa, maana jiwe litakuja kupasuka pale utepe unapoishia.

Ya pili ni kufunika kiungo cha makusudi. Zege kubwa linakatwa msumeno ili lipasukie hapo, sasa mtu anakuja anakijaza saruji na kulaza taili juu. Kile kiungo ni lazima kifuatwe mpaka juu, na kwenye mstari wa taili kijazwe kitu kinachonyumbuka. Hata kama kinaharibu mpangilio wako wa maua, bado.

Ya tatu, zege changa. Subiri siku 28 angalau.

Kucha ikikwama, yaani upande mmoja uko juu kuliko mwingine, au ufa unapanuka, hapo hakuna utando wala gundi. Chora mistari miwili ya penseli kukatiza ufa, andika tarehe, pima upana, rudi baada ya wiki kadhaa. Ikiwa umebadilika, kazi hiyo ni ya injinia, na kila taili utakayolaza kabla hajaja utaing'oa.

MADOA: KINGO NYEUSI, UNJANO, UNGA MWEUPE

Hii ndo iliyonifundisha adabu. Nililaza marumaru nyeupe juu ya skridi ya wiki tatu, juu ilikuwa imekauka kabisa mpaka inatoa vumbi, na gundi niliyokuwa nayo ilikuwa ya kijivu. Siku ya kwanza safi. Baada ya siku nne kila taili ikawa na fremu, katikati nyeupe, pembeni kijivu cha maji machafu kama picha iliyowekwa kwenye kioo. Nikasugua, nikasubiri mwezi, ikapungua kidogo tu, mwishowe tukatoa zote. Skridi ilikuwa imekauka juu mm chache, chini yake ilikuwa bado sponji.

Kwahiyo sababu ya kwanza ni unyevu uliobaki kwenye zege au skridi. Maji yanapanda, yanapita kwenye jiwe, yanatoka pembezoni kwenye mistari kwa sababu ndo njia rahisi, na yanabeba chumvi. Chumvi ikifika juu maji yanapaa, unabaki unga mweupe. Hesabu ya mafundi kwa skridi ya saruji ya kawaida ni siku moja kwa kila milimita ya unene mpaka kama mm 50, na ikizidi hapo kila milimita inadai siku zaidi. Skridi ya sm 5 ni karibu miezi miwili hiyo, na hali ya hewa ikiwa ya mvua ongeza.

Kipimo cha kuanzia: kata karatasi ya nailoni inayopitisha mwanga, sm 45 kwa 45, ibandike kwa tepu pande zote nne, isiache upenyo, iache saa 16 au zaidi, siku nzima ni sawa. Ukibandua ukakuta matone au zege limekuwa jeusi pale chini, hupaswi kulaza. Ila isipoonyesha kitu usishangilie, kipimo hiki kinakamata unyevu mwingi tu, wa ndani zaidi kinaupita. Kwa jiwe jeupe au la bei ya kukuliza, mtafute mwenye kipima unyevu kinachoingizwa kwenye tundu ndani ya zege.

Sababu ya pili, gundi ya kijivu chini ya jiwe jeupe. Marumaru nyepesi zinapitisha mwanga na rangi, tumia gundi nyeupe inayokauka haraka, kwani inafunga maji yake yenyewe badala ya kuyaachia jiwe.

Ya tatu ni unjano au kahawia wa kutu. Baadhi ya marumaru nyeupe zina madini ya chuma ndani, zikilowa muda mrefu zinapata kutu kutokea ndani. Na wakati mwingine ni msumari au kipande cha nondo kilichoachwa juu ya skridi, fagia vizuri. Mafuta ya silikoni nayo yanachora mpaka wa mafuta pembeni ya jiwe, halafu silikoni yenye harufu ya siki inaunguza marumaru, nunua iliyoandikwa ni ya mawe asilia.

Madoa yakitokea usikimbilie kupaka sila, ile dawa ya kuziba uso wa jiwe. Unafungia maji ndani. Acha wazi, pitisha hewa, subiri. Yakiwa hayakauki hata msimu wa ukame basi maji yanaingia kutoka mahali, bomba limetoboka au chini ya jamvi, yaani zege la sakafu, hakuna nailoni ya kuzuia unyevu, na hiyo ni kazi ya fundi bomba kwanza kabla ya mtu wa taili.

SAKAFU YA MBAO: GRAUTI INAPASUKA NA KUTOKA VIPANDE VIPANDE

Grauti, ile inayojazwa kwenye mistari kati ya taili, ikitoka vipande mara nyingi sakafu inacheza. Jaza glasi ya maji karibu na ukingo, iweke sakafuni katikati ya chumba, mwambie mtu mzima apite kwa kishindo. Maji yakicheza sana una jibu. Sio kipimo cha kisayansi, ila kinakuonyesha pa kuanzia.

Kwanza angalia skrubu na misumari iliyolegea, sakafu inayolia kwa kukanyagwa ikazwe kwa skrubu mpaka inyamaze. Pili ni unene wa mbao: kwa jiwe asilia tabaka moja halitoshi, yawe mawili, la juu liwe plaiwudi ya nje na viungo vyake visilingane na vya chini, mapengo madogo yaachwe kati ya shiti na shiti. Tatu ni boriti zenyewe. Taili ya kauri inakubali boriti kupinda kwa urefu wake kugawa kwa 360, jiwe linataka kugawa kwa 720. Yaani boriti ya mita 3.6 inayoruhusiwa kushuka mm 10 chini ya kauri, chini ya jiwe isishuke zaidi ya mm 5. Plaiwudi ya ziada haipunguzi kupinda kwa boriti, inapunguza kupinda kati ya boriti na boriti, hapo ndo watu wanapoteza hela.

Kuongeza boriti, kuziunganisha au kuweka nguzo katikati sio jambo la kukisia. Wa kuhesabu mzigo ni injinia. Ukiona boriti imeliwa na mchwa, imeoza au fundi bomba ameikata nusu ili apitishe bomba, usiendelee hata kwa siku moja.

SARUJI YA KUJITANDAZA IMEPASUKA AU INABANDUKA

Mara nyingi praima ilirukwa, au ilimwagiwa kabla haijakauka. Tundu dogo dogo kama za mkate maana yake zege ilinyonya maji na kutoa hewa, ilihitaji praima mara mbili. Uso laini wa unga ni maji mengi, mtu aliona nzito akaongeza jagi. Pima maji kwa alama kila gunia, na uwe na mtu wa pili anachanganya wakati wewe unamwaga, kwa sababu una kama dakika 10 mpaka 15 tu na ikianza kushika haibembelezeki. Sponji nyembamba kuzunguka ukuta isisahaulike. Iliyopasuka lakini imeshika inajazwa, inayolia debe inatolewa.

TAILI MBILI ZIMEINUKA KAMA HEMA

Unasikia mlio usiku, asubuhi unakuta zimesimama zinaegemeana. Hazikuwa na pa kwenda. Zimebanwa ukuta hadi ukuta, joto limezitanua. Acha angalau mm 6 kuzunguka kuta na nguzo, skati, ule ukanda wa chini ya ukuta, itafunika, na pengo hilo lisijazwe grauti wala mabaki ya gundi, chungulia kila jioni. Ndani weka kiungo kinachonyumbuka kila mita 6 hadi 7.5, nje au penye jua kali la dirishani shusha mpaka mita 2.4 hadi 3.6. Kama kuna mabomba ya kupasha joto sakafu yawashwe na kuzimwa taratibu kabla ya kulaza, zege likitaka kupasuka lipasuke wakati bado unaliona.

TAILI IMEJIKUNJA KONA ZAKE

Hapa sakafu yako inaweza kuwa haina kosa kabisa. Baadhi ya marumaru za kijani na baadhi ya sleti zikinyonya maji ya gundi upande wa chini zinajikunja kama biskuti iliyolowa. Pima kabla: ilaze kipande mgongo juu, weka kitambaa kilicholowa, kesho yake kiwekee ubao mnyoofu. Kikipinda, gundi ya maji hapana, ni epoksi, gundi ya kemikali isiyochanganywa na maji. Na mawe yaliyobandikwa wavu na resini mgongoni gundi ya saruji inashika ile resini vibaya, nayo ni epoksi. Ukiona imeshaanza kujikunja ukiwa kazini usiipandishie tofali juu kuibonyeza, inua zote zilizolazwa saa hiyo wakati gundi bado mbichi, zisafishe mgongo na uzisimamishe zikauke.